Kabla hujamuuliza ataacha lini, muulize anakunywa saa ngapi

Hapa Mtwara msimu wa korosho si wakati wa kumjua mlevi. Mwezi wa kumi na moja mabibo, yale matunda ya korosho, yamejaa chini ya mikorosho, uraka, pombe ya mabibo, unapatikana kila kona, malipo ya mnada yanaingia, na mtu akipepesuka njiani watu wanacheka tu: msimu huo! Mlevi msubiri mwezi wa tatu. Mvua inanyesha, hela imekwisha, uraka hakuna, na yeye bado anakunywa. Anakunywa nipa, ile gongo ya mabibo, kwa mkopo, tena anaanza asubuhi, azimue mikono iache kutetemeka.

Mimi nilikuwa mtu wa mwezi wa tatu kwa miaka 9.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, tulionja uraka siku moja, kwenye kata moja, tukiwa wadogo. Yeye hadi leo anakunywa msimu, msimu ukiisha hata hakumbuki. Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo ni pombe, namuuliza: mbona ile kata haikumshika binamu? Wengine wanasema ni damu, na hawajakosea sana. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya uwezekano wa mtu kuwa mlevi hutokana na urithi, na baba yangu mzazi alikuwa mnywaji. Lakini nusu ni nusu.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Aliitisha kikao, nikasemwa mpaka shangazi akalia. Kikao cha pili nikaapa. Baada ya hapo nikapelekwa kwa mganga upande wa Newala, na kuku mweusi wa mjomba akaenda huko asirudi. Mwisho wakanifungia chumbani nikauke. Usiku wa pili nilianguka kama mwenye kifafa, nikauma ulimi, mkeka ukalowa damu. Hapa nisimame kidogo, maana watu wengi hawajui: mtu aliyezoea kunywa kila siku, anayeamka anatetemeka, ukimkatia pombe ghafla anaweza kufa. Usimfungie. Mpeleke hospitali, wapo wanaojua kumshusha taratibu kwa dawa za kutuliza na vitamini.

Ndivyo nilivyofika wodini. Kuna nesi pale, mama mtu mzima, hakuniuliza kwa nini siachi. Aliniuliza, "Mwanangu, glasi gani kwa siku huwezi kuikosa?"

Nikamwambia ya kulalia.

"Ukilala bila hiyo?"

"Naamka saa nane."

"Saa nane kuna nini?"

Sikumjibu siku ile. Nilimjibu wiki ya pili, nikiwa nimegeukia ukutani. Saa nane ndiyo saa ambayo baba wa kambo alikuwa anarudi. Tulikuwa tunausikia kwanza mlango wa uani, halafu ndoo. Akishapiga ndoo teke, tunajua leo anapigwa nani. Nilikuwa na miaka 8. Alishakufa zamani, na nyumba yenyewe imebomolewa, lakini mwili wangu ulikuwa bado unaamka kusikiliza ndoo. Nipa ndiyo kitu cha kwanza kilichonivusha saa nane nikiwa nimelala. Ya asubuhi niliinywa kwa ajili ya mikono. Ya usiku niliinywa kwa ajili ya ndoo. Watu walikuwa wanapigana na ile ya asubuhi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inawaaibisha.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti wa Marekani wa mwaka 1998. Waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 mambo yaliyowapata utotoni: kupigwa, kuona mama anapigwa, kuishi na mlevi nyumbani, na mengine ya namna hiyo. Waliopitia manne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja. Nilihesabu ya kwangu kwa vidole. Niliishia cha tano.

Nisikudanganye kwamba kujua chanzo kuliniponya. Nilirudia kunywa mara mbili, mara ya pili nikijua kabisa ninachokimbia. Kujua kulinisaidia kitu kimoja: niliacha kujiona sina haya, nikaanza kufikiria usiku nitaupeleka wapi. Askari wa Marekani waliozama kwenye heroini kule Vietnam, walipofuatiliwa miaka ya 1970, wengi mno hawakurudia utegemezi walipofika kwao. Mahali pamebadilika, watu wamebadilika, kazi ya ile dawa imekwisha. Mimi sikuwa na pa kuhamia, nikahamisha saa. Niliomba kazi kwenye tanuri la mikate, zamu ya usiku.

Kwa hiyo kama una mtu wako, kaka, mume, mtoto, mwache kwanza apate nafuu ya mwili, kisha muulize ile glasi asiyoweza kuikosa. Usimuulize mbele ya kikao. Muulize mkiwa mnabangua korosho, mikono ikiwa na kazi, macho yasikutane. Anaweza kukwambia uongo mara tatu. Mwenzangu mmoja wa tanurini, teja wa zamani, kwake ilikuwa saa kumi jioni, saa ambayo wenzake wote wanatoka kazini na yeye hana alikotoka. Mwingine utakuta ni maumivu ya mgongo tu, yanatibika, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa hivi saa nane huwa nimetoa sinia la pili. Alfajiri mjomba anapita kuchukua mikate ya nyumbani, simtozi. Anaamini mpaka leo kwamba ni ile dawa ya mganga, na kuku wake bado anamdai.