Shupaza tatu mezani, na wewe ndiye wa kusema kwanza

Tulikuwa tunacheza poka ya Texas Hold'em. Nilikuwa na ree mbili mkononi, ya kopa na ya pau, nimeketi viti vya mwanzo, vya wanaosema kwanza. Nikapandisha dau, wawili wakafuata. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani ambazo ni za wote, ikafunguka: mfalme, tisa na nne, zote shupaza. Nikaweka dau sawa na pesa zote zilizokuwa mezani, eti niwafukuze wenye shupaza. Mmoja akatupa karata. Aliyeketi mwisho kabisa akafuata bila neno. Karata ya nne ilikuwa mbili ya uru. Nikaweka tena, akasukuma chipu zake zote katikati, nikalipa. Alikuwa na ghulamu na kumi za shupaza; ukijumlisha na zile tatu za mezani ni karata tano za aina moja, yaani flashi, na hiyo inaishinda jozi ya ree. Yaani tangu flopu nilikuwa namchangia tu.

Ree zangu hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa ukubwa wa dau. Karata za mezani zikiwa zote za aina moja, dau kubwa huwafukuza walewale unaotaka wabaki: mwenye mfalme mmoja, mwenye jozi ndogo. Mwenye flashi haondoki ng'o. Mwenye ree ya shupaza peke yake naye haondoki, kwa sababu mpaka karata ya tano ana kama asilimia 35 ya kuikamilisha.

Flopu ya namna hii huja kama mara moja kati ya 19, ndiyo maana wengi hatuizoei. Ukiwa huna shupaza hata moja, mpinzani aliyeshika karata zozote mbili ana flashi tayari kwa asilimia 4 tu, na shupaza moja kwa asilimia 34. Ila aliyekufuata kutoka nyuma hakushika karata zozote tu. Watu hupenda kufuata na karata mbili za aina moja zinazokaribiana, na sisi tunaopandisha kutoka mwanzo mara nyingi tuna jozi kubwa. Flashi ziko kwake zaidi.

Siku hizi nisipokuwa na shupaza, mara nyingi napita bila kuweka kitu, au naweka kidogo, kama 300 kwenye 1,000. Nikipandishiwa kwa nguvu natupa, hata ree mbili. Inauma, acha tu. Nikiwa na ree ya shupaza naweza hata kupiga mkwara, kwani flashi kubwa kuliko zote haiwezi kuwa kwa mwingine. Flashi ndogo, mfano sita na tano, naiwekea nusu ya pesa za mezani ili mwenye shupaza moja alipie kusubiri. Shupaza ya nne ikianguka mezani, naacha kuongeza.

Na macho yako yachunge. Mimi kila flopu kama hii ilipokuja nilikuwa nachungulia tena karata zangu, kukumbuka kama ree yangu ni ya shupaza au ya pau. Meza nzima ikawa inajua sina flashi. Mwenye flashi hana haja ya kuchungulia.