Njia haina hadhi

SWALI: Ninatafsiri andiko linaloeleza jinsi halmashauri za Uingereza zinavyoamua mashauri ya njia za zamani za mashambani. Niliandika "kuamua hadhi ya kisheria ya njia za kihistoria za umma". Mhariri wangu amefuta "hadhi", akaweka "hali". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Mhariri wako alifanya vyema kufuta, akaharibu alipojaza. Lakini niache kwanza nimalizane na hiyo "hadhi", maana nina kesi nayo ya siku nyingi.

Neno tumelitoa Kiarabu, ambako ni fungu la mtu au bahati yake. Tulipolichukua sisi tukalivisha heshima. Mzee ana hadhi. Mkwe ana hadhi, na ukitoka kumpokea kifua wazi umeivunja. Hadhi hutunzwa, hushushwa, huvunjwa. Mwenye nayo lazima awe na uso wa kuona haya. Njia ina uso gani?

Siku hizi kila kitu kina hadhi. Ukumbi wa harusi una hadhi ya kimataifa, stendi ina hadhi ya jiji, na choo cha kulipia nimekiona chenye hadhi, kwa maandishi, mlangoni. Barabara ndizo zimezidi. Fungua redio wakati wa Bunge: chai haijapoa, mheshimiwa ameshauliza ni lini barabara ya jimboni kwake "itapandishwa hadhi". Anachotaka ni itoke TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iende TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara inaamka na mashimo yaleyale, imebadilishiwa mlezi tu. Hapo nimeshanyoosha mikono. Neno limeingia kwenye nyaraka na mimi sina jeshi. Ila lisivuke bahari kwenda kuharibu njia za watu.

Mtaani kwetu kuna kichochoro kinachotoka nyuma ya nyumba hadi kituo cha daladala. Jirani alitaka kukiziba kwa ukuta, kikaitishwa kikao. Mjumbe akasimama na karatasi yake: "Ndugu zangu, kichochoro hiki hakina hadhi." Tukanyamaza, kila mtu akiangalia viatu vyake. Mama mmoja muuza maandazi, ambaye hupita hapo kila alfajiri na ndoo yake, akauliza, "Hadhi ya nini, baba? Mimi napita tu."

Mjumbe akakaa. Nami nasema yule mama alikuwa ameshatafsiri andiko lako.

Kwa maana "napita tu" ndiyo sheria yenyewe huko England na Wales. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1980 inasema watu wakiipita njia miaka 20 mfululizo, bila kutumia nguvu, bila kificho na bila kuomba ruhusa, inahesabiwa kuwa ya umma, isipokuwa mwenye shamba aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. Angalia hilo la ruhusa. Sisi tuliolelewa kwa hodi tungepoteza kila njia: ukibisha hodi, ukaambiwa karibu, umepita kama mgeni, na mgeni hana haki.

Halafu kuna ramani rasmi, ambazo sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore. Njia iliyoachwa nje, mtu anaweza kuiombea iingizwe kwa ushahidi wa ramani kongwe au wa wazee walioipita. Halmashauri haiipandishi njia hiyo cheo. Inajiuliza tu: ni ya umma, au si ya umma? Kama ni ya umma, ni ya waendao kwa miguu peke yao, au na farasi, au hata magari? Maswali hayo yote yanajibiwa kwa vitenzi, na Kiswahili hakijawahi kupungukiwa vitenzi.

Kwa hiyo andika: "kuamua kama njia za zamani za mashambani ni za umma, na nani ana haki ya kuzipita." Ni ndefu kidogo, najua. Karatasi ipo. Hiyo "kihistoria" nayo ni "zamani" iliyovaa suti, lakini nimechoka kugombana nayo, ukiipenda, iache. Usije tu ukaziita njia za panya ukidhani unachangamsha lugha. Huko hupita magendo.

Nimrudie mhariri. "Hali" haifai, na sababu iko kwenye sheria hiyohiyo. Waingereza wana kanuni ya zamani kwamba njia ikishakuwa ya umma inabaki ya umma mpaka ifungwe kisheria. Inaweza kuota miiba, ikakaa tangu vita ya Hitler bila kukanyagwa na mtu: hali yake taabani, haki ya kupita iko palepale. Sasa yeye akichapa kwamba "halmashauri iliamua hali ya njia", msomaji wa Tabata ataelewa walikwenda na mapanga kufyeka.