Mjukuu wa miezi miwili na ukoo mzima

SWALI: Shangazi, shikamoo. Krismasi hii ukoo wote unakutana kwetu Rombo. Mwanangu anamleta mtoto wake wa kwanza kutoka Dar es Salaam, ana miezi miwili. Natamani wote wampakate, ila mkwe wangu anaogopa. Nifanyeje?
Bibi wa Rombo

JIBU: Marahaba, na hongera sana! Mkwe wako ana haki. Mpeleke mtoto kwanza kwa mkubwa wa ukoo, asubuhi, kabla ya nyama na pombe ya mbege, atajwe jina. Wanaompakata wanawe mikono kwa sabuni; mwenye mafua amwone kwa mbali. Asionjeshwe kitu, hata tone la mbege: mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Na makatazo hayo yatoke kinywani mwako. Mkwe akikataa ataitwa mwenye maringo. Bibi akikataa, mashangazi watatii.