Pumzi ya Mtoto Itafute Kwenye Mpira

Pita viwanja vya vumbi vya Temeke au Kinondoni saa kumi na nusu jioni utawaona. Watoto thelathini kwenye mistari miwili wanazunguka uwanja na mchakamchaka, kocha kasimama katikati na filimbi yake, mpira umelala chini ya mwarobaini ukisubiri "viungo" viishe. Vikiisha, jua limeshazama. Zinabaki dakika ishirini za mechi, kumi na tano kwa kumi na tano, na wapo watakaorudi nyumbani bila kuugusa mpira hata mara moja.

Nafundisha watoto wa miaka tisa hadi kumi na tano. Makocha wenzangu wanaoanza huniuliza sana: nianze na pumzi au na mpira? Kwa walio chini ya miaka 13 au 14 jibu langu ni mpira, tangu dakika ya kwanza, na pumzi itakuja humo humo.

Na tusidanganyane. Wengi wetu hatuwakimbizi watoto kwa sababu kuna mahali tumesoma kwamba mbio tupu zinawafaa. Tunawakimbiza kwa sababu tuna mipira miwili na watoto thelathini, na mbio ndilo zoezi lisilodai kifaa. Kila mtu anashughulika, jasho linatoka, na mzazi aliyeegesha bodaboda pembeni anaridhika kwamba mwanawe anafanya kazi. Mazoea hayo tumeyapa jina zuri, stamina.

Mwaka 2019 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walipofungwa 5-4 na Nigeria pale Uwanja wa Taifa, kwenye AFCON ya vijana tuliyoandaa wenyewe, kijiweni kwetu neno lilikuwa hilohilo: vijana hawana pumzi. Haya, tuseme kijiwe kilikuwa sahihi. Wale walikuwa vijana wa miaka 16 na 17, karibu kuwa wanaume. Tatizo ni kocha anayelibeba somo lile na kwenda kumshushia mtoto wa darasa la nne.

Mwili wa mtoto ambaye hajabalehe haujibu mazoezi ya mbio kama wa mtu mzima. Ukimkimbiza utaongeza pumzi kidogo, lakini sehemu kubwa ya pumzi na nguvu atakayokuwa nayo akiwa na miaka 17 italetwa na ukuaji wenyewe: moyo unapanuka, mapafu yanapanuka, misuli inajaa. Kutuliza mpira hakuletwi na ukuaji. Mguu uliogusa mpira mara chache kati ya miaka 8 na 12 unakuja kudaiwa baadaye, wakati kila kitu uwanjani kimeshakuwa cha haraka.

Halafu angalia nani anaishiwa pumzi kwenye mechi. Mtoto anapewa pasi ya kawaida, mpira unamgonga kwenye ugoko na kuruka hatua tatu mbele. Anaufukuza, mpinzani kaufikia, sasa anarudi kukaba. Amekimbia mita 30 kwa sababu ya mguso mmoja. Mwenzake aliyeutuliza kwa ndani ya mguu, uso juu, ametoa pasi na kusogea hatua nne. Kufika kipindi cha pili wa kwanza ameshika magoti anahema, na kocha anaandika kwenye daftari: huyu aongezewe mbio.

Ninachofanya ni hiki. Pima hatua 30 kwa 20, goli ni kandambili mbili kila upande, hakuna kipa, wanne kwa wanne. Dakika 4 za kucheza, 3 za kupumzika, mara 4. Mpira ukitoka usiruhusu mtu kuufuata. Rusha mwingine hapo hapo, ndiyo siri ya zoezi. Watafiti waliowafunga wachezaji vipima mapigo ya moyo walikuta michezo midogo ya aina hii inayafikisha mapigo kwenye asilimia 85 hadi 90 ya uwezo wa juu wa moyo, kiwango kilekile tunachokitafuta kwa mbio. Huna kipimo? Filimbi ikilia, waambie waweke vidole viwili shingoni wahesabu kwa sekunde 15. Mtoto wa miaka 12 akikuambia 43 au 45, yaani mapigo 172 hadi 180 kwa dakika, kazi imefanyika. Wanalipenda hili, wanashindana kuhesabu, na wapo wanaoongeza uongo, ila huo nao unaujua kwa macho.

Kuhusu mipira: wape watoto kazi ya kuileta. Chandimu haijawahi kusubiri mpira wa dukani. Mpira wa makaratasi na matambara uliofungwa vizuri kwa kamba au mpira wa baiskeli unatosha kwa danadana, kwa pasi za wawili wawili na kwa kupiga chenga katikati ya koni. Haudundi sawasawa, kweli, lakini unamlazimisha mtoto kuutazama na kuugusa taratibu. Mipira halisi michache uliyonayo iende kwenye michezo midogo. Na ukipata mfadhili, mwambie namba 4 kwa walio chini ya miaka 12. Watu hupenda kuleta namba 5 moja kubwa ya kupigia picha.

Kabla ya yote hayo, uliza nani amekula mchana. Nauliza kwa sauti ya utani, kila siku, na mikono isiyonyooshwa ndiyo ninayoitazama. Mtoto aliyekunywa uji saa nne shuleni na hajatia kitu mdomoni tena hana pumzi ya kutafutwa, ana njaa. Huyo siku hiyo apige danadana kivulini. Joto la Februari la Dar nalo lina sheria zake: maji kila robo saa, bila kuyafanya zawadi.

Na mbio za adhabu ziache kabisa. Kichurachura kwa aliyechelewa kinaumiza magoti yanayokua, na kinamfundisha kwamba kukimbia ni fedheha. Kisha wiki ijayo unamtaka apande na kushuka pembeni dakika tisini kwa moyo mkunjufu!

Kuanzia miaka 14 au 15 hesabu inabadilika. Hapo mbio fupi za mita 10 hadi 30 zina nafasi yake, kila moja na mapumziko ya kutosha ili inayofuata iwe ya kasi kweli. Mazoezi ya kupasha misuli yaitwayo FIFA 11+ huchukua kama dakika 20, hayahitaji mashine, na yalitengenezwa kupunguza majeraha kwa wachezaji wa kuanzia miaka 14. Wadogo wana toleo lao. Yatumie badala ya ile kupasha misuli ya kuzunguka uwanja.

Ila usiitazame miaka peke yake, tazama urefu. Nina alama za chaki kwenye ukuta wa stoo yetu, na kila baada ya miezi mitatu tunapima. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 14, wasichana karibu 12. Kijana akiruka sentimita tatu kati ya alama mbili, na akaanza kulalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti, pale penye kinundu, au kwenye kisigino, mpunguzie kuruka na mbio kwa wiki kadhaa. Hajawa mvivu na chenga zake hazijapotea. Miguu imerefuka kuliko alivyozoea. Maumivu yakiendelea, mpeleke hospitali, usimkande kwa maji moto ukamrudisha uwanjani.

Najua kinachowatia makocha wengi presha. Unakwenda kwenye bonanza la chini ya miaka 13, unakuta vijeba wenye ndevu, watoto wako wanasukumwa kama mabua, unafungwa sita. Jumatatu mzazi anadai mazoezi ya nguvu. Mimi humjibu kwamba kijeba hashindwi kwa pushapu za mtoto wa darasa la sita, na kwamba bonanza lisilokagua vyeti vya kuzaliwa timu yangu hairudi. Wazazi wawili watatu hukasirika na kuhamisha watoto. Waliobaki huwaalika timu ya mtaa wa pili Jumamosi asubuhi, wanne kwa wanne, viwanja vinne kwa wakati mmoja, na hakuna anayekaa benchi.