Wanafunzi wasahihishiane insha za Kifaransa?

Swali: Hujambo, mwalimu. Nafundisha Kifaransa katika shule ya kutwa hapa Kisumu. Kidato cha pili kina wanafunzi 48. Muhula huu niliwaambia wabadilishane madaftari, kila mmoja asahihishe insha ya mwenzake kabla sijaipokea. Marafiki waliandikiana "très bien" (vizuri sana) wakarudishiana. Wengine walitia kalamu nyekundu hata palipokuwa sawa: msichana mmoja aliandika "je suis allée au marché de Kibuye" (nilikwenda soko la Kibuye), ambayo ni sahihi, mwenzake akafuta na kuweka "j'ai allé". Naye msichana akalinakili kosa hilo kwenye insha safi. Je, niachane na jambo hili?

Jibu: Usiachane nalo, mwalimu mwenzangu. Hao watoto umewavisha viatu vyako vya ualimu, ndiyo maana wanajikwaa. Aliyeandika "j'ai allé" hakuwa mzembe. Amezoea kuunda wakati uliopita kwa "avoir" (kuwa na), na vile vitenzi vichache vinavyotaka "être" (kuwa) bado havijamkaa kichwani, basi akatumia kanuni aliyo nayo. Huwezi kumtaka awe mwamuzi wa lugha ambayo yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaiokota.

Lakini kuna kazi anayoiweza: kusoma, kusema alichoelewa, na kuuliza pale alipokwama. Mtafiti Hui-Tzu Min aliwafundisha wanafunzi wa Kiingereza nchini Taiwan wasome kazi za wenzao kwa hatua nne: muulize mwandishi alikusudia nini, onyesha palipo na tatizo, eleza kwa nini ni tatizo, kisha ndipo upendekeze. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 2006, waandishi waliyatumia maoni ya wenzao kwa wingi zaidi baada ya mafunzo hayo, na marekebisho yao yakawa bora. Tazama pendekezo limekaa wapi. Wanafunzi wako walianzia hatua ya nne.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiguse daftari la mtoto yeyote. Andika aya yako mwenyewe ubaoni, uitie makosa. Mimi hapa Nakuru huanza na kitu kama hiki: "Samedi, je suis allé à le marché avec ma mère. Je suis très faim." (Jumamosi nilikwenda sokoni na mama. Nina njaa sana.) Kisha nawaambia wamwulize mwandishi, yaani mimi, maswali kwa Kiswahili. Mkono wa kwanza karibu kila mara huuliza kwa nini njaa imeingia ghafla, kwani huko sokoni hawakula? Hilo ni swali zuri mno, kwa sababu linamlazimu mwandishi kuongeza sentensi mbili tatu, na kuongeza sentensi ndiko kujifunza kuandika. Kosa la "à le", linalopaswa kuwa "au", mtalirekebisha baadaye.

Nasisitiza Kiswahili kwa sababu nyingine pia. "Je suis faim" inatoka kwenye Kiingereza, ambacho husema mtu "ni" mwenye njaa. Kiswahili husema nina njaa, nina miaka 15. Kifaransa nacho husema "j'ai faim", "j'ai 15 ans". Anayezungumza Dholuo atakuambia "kech kaya", njaa inamuuma, na hapo darasa zima linaona kwamba kila lugha ina njia yake ya kushika njaa. Vivyo hivyo kwa upatanisho. Mtoto aliyesota na ngeli, mti mkubwa, kitu kikubwa, hahitaji kushangazwa na "un grand marché" (soko kubwa) na "une grande maison" (nyumba kubwa). Mwambie tu kwamba Kifaransa kina ngeli mbili, ya kiume na ya kike.

Ukishafika kwenye madaftari yao, waweke watatu watatu, na marafiki wa dawati moja wasikae pamoja. Msomaji ashike penseli. Haruhusiwi kufuta wala kuandika jibu. Anapiga mstari chini ya kitu kimoja tu mlichokubaliana wiki hiyo, tuseme upatanisho wa vivumishi, kitu ambacho umeshakifundisha. Mwandishi ndiye anayerudi kwenye maelezo aliyoandika darasani kuamua kama mstari una haki. Chini ya insha msomaji aandike sentensi moja ya alichoelewa, swali moja, na jina lake. Anayeandika "très bien" bado hajauliza kitu, mrudishie.

Huenda unajiuliza kama inafaa kutumia vipindi viwili vya dakika 40 kwa haya yote. Kusoma insha 48 kwa dakika tano tano ni saa nne, na utazisoma kwa vyovyote vile, ila utazipokea zikiwa zimeandikwa mara ya pili. Faida kubwa zaidi iko kwa msomaji. Mwaka wa 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 91 wa Kiingereza nchini Marekani. Kundi moja lilitoa maoni tu juu ya insha za wengine, jingine lilipokea maoni tu. Waliotoa ndio walioendelea zaidi katika uandishi wao wenyewe, hasa wale wa kiwango cha chini. Kwa hiyo usimwache mwanafunzi dhaifu nje kwa kuhofia ataharibu kazi ya wengine. Mpe penseli.

Alama usiwape kwa kusomana. Soma maswali waliyoulizana, na yaliyo mazuri yasome kwa sauti darasani ukimtaja aliyeuliza.

Na yule msichana mwite wiki hii, pamoja na mwenzake. Mwambie sentensi yake ya kwanza ilikuwa sahihi tangu mwanzo, mfungue naye daftari mpaka kwenye vitenzi vya "être", na mwenzake aone kwa macho yake. Msichana huyo akiachwa hivyo hivyo ataanza kufuta hata alichokiandika sawa kwa mkono wake mwenyewe.