"Boycott": jina la mtu lililogeuka kitenzi

SWALI: Je, ni kweli kwamba kitenzi cha Kiingereza "boycott" kimetokana na jina la mtu? Na sentensi kama "They boycotted against the election", ambayo naiona mara kwa mara, ni sahihi?

JIBU: Ni kweli, na hata mwaka lilipozaliwa neno hilo unajulikana: 1880. Charles Cunningham Boycott alikuwa wakala wa Lord Erne, akimsimamizia ardhi kando ya ziwa Lough Mask, Mayo, magharibi mwa Ireland. Mavuno yalikuwa yameharibika. Wakulima waliokodi mashamba waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25, wakapunguziwa 10 tu. Septemba, Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwaondoa.

Mwezi huohuo Charles Stewart Parnell, kiongozi wa Irish Land League, chama cha kutetea wakulima waliokodi ardhi, aliwaambia wakulima mjini Ennis wamtenge yeyote atakayechukua shamba la mwenzao aliyefukuzwa. Watu wa Mayo wakamfanyia hivyo wakala mwenyewe: vibarua waliacha kazi, na wenye maduka walikataa kumuuzia. Ikabidi waletwe wavunaji 50 wa kujitolea kutoka Cavan na Monaghan, huku askari wapatao 1,000 wakiwalinda. Gharama ya ulinzi ikapita mbali thamani ya mazao yenyewe. Desemba Boycott aliondoka Ireland. Padri wa hapo, John O'Malley, ndiye anayetajwa kupendekeza jina lake ligeuzwe kitenzi, maana "ostracise", yaani kumtenga mtu, lilikuwa neno gumu kwa wakulima. Magazeti yakalidaka mwaka huohuo, na Kifaransa kikapata "boycotter", Kijerumani "boykottieren".

Sentensi uliyoileta ina kosa. Kitenzi hiki hufuatwa na yambwa moja kwa moja, bila kihusishi: "They boycotted the election", "Many African countries boycotted the 1976 Olympics". Wala usiandike "boycotted from attending". Maana ya kukataa kushiriki imeshabebwa na kitenzi chenyewe. Kihusishi hutakiwa neno linapokuwa nomino: "a boycott of the election". Kwenye nomino hata "against" hukubalika, na nadhani ndiko linakoanzia kosa hili. Tahajia ni t mbili popote, "boycotting" na "boycotted", na b ni ndogo ingawa asili ni jina la mtu. Mkazo hubaki silabi ya kwanza, liwe kitenzi au nomino.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni maana. Anayefanya "boycott" amesusia kwa hiari yake ili kushinikiza jambo. Aliyekosa mkutano kwa kuumwa ame-"miss". Aliyezuiwa kuingia yeye ni "banned". Serikali ikipiga marufuku biashara na nchi nyingine, hiyo ni "embargo".

Sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada, kwa sababu mzizi "goma" hutumika kotekote. Angalia kama kuna kinachogomewa. "Wanafunzi wamegomea masomo" ni "The students have boycotted classes". Lakini "Madaktari wamegoma", yaani wameacha kazi kudai haki zao, ni "The doctors have gone on strike". Ukiandika "The doctors have boycotted", msomaji wa Kiingereza atabaki akisubiri kuambiwa wamesusia nini.