Maswali ya Wasomaji: Watu Wamenenepa Kwenye Deki Yangu ya Kubeba

Barua nyingi tulizopokea mara hii zinahusu deki ndogo za DVD zenye kioo chake, zile za inchi 7 hadi 10 ambazo watu husafiri nazo au huwawashia watoto umeme ukikatika. Karibu zote zinalalamikia jambo moja: picha pana haikai sawa. Kabla ya kusoma majibu, chukua rula ukae nayo karibu. Utaihitaji.

*

*Shikamoo fundi. Deki yangu ya inchi 7 ikicheza filamu, watu wote wanakuwa wafupi na wanene, halafu juu na chini kuna mikanda myeusi. Nimeshauriwa ninunue kioo kipya. Je, kioo ndicho kibovu?*
Msomaji, Tanga

Marahaba. Usinunue kioo. Kioo kibovu huleta mistari, madoa au giza, hakinenepeshi mtu. Kwako kuna sehemu mbili za deki ambazo hazielewani.

Sehemu ya kwanza ni ile inayosoma diski na kutengeneza picha. Ya pili ni kioo. Kila moja ina mpangilio wake wa umbo la picha, na watu wengi hugusa mmoja wakausahau mwingine. Filamu pana huwekwa kwenye DVD ikiwa imebanwa ubavuni ili itoshe nukta 720 kwa 576 za PAL, mfumo wa televisheni, ambazo ni nukta zilezile zinazotumika kwa picha ya kizamani ya 4:3, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu. Pamoja na picha kuna alama inayoiambia deki kwamba hii ni ya 16:9, yaani picha pana. Deki yako inaamini imeunganishwa na televisheni ya zamani. Kwa hiyo inaiponda picha mpaka ibaki robo tatu ya kimo chake, kisha inajaza weusi juu na chini. Kwenye televisheni ya zamani matokeo yake yangekuwa sahihi kabisa. Ila kioo chako ni kipana: kinapokea picha iliyokwisha kupondwa na kuivuta kushoto na kulia hadi ijae. Hapo ndipo watu wanaponenepa.

Anza na menyu. Bonyeza STOP mara mbili, si mara moja. Ukibonyeza mara moja deki inakumbuka tu ilipoishia, na mipangilio mingi inabaki imefifia, haichaguliki. Kisha bonyeza SETUP, ufungue ukurasa wa mipangilio ya jumla au wa picha. Tafuta mstari ulioandikwa TV DISPLAY, TV SHAPE au ASPECT. Jina hutegemea mtengenezaji. Ndani yake kuna 4:3/PS, 4:3/LB (ile inayoponda picha na kujaza weusi) na 16:9, ambayo deki nyingine huiita WIDE. Chagua 16:9, bonyeza ENTER, kisha SETUP ili utoke.

Baada ya hapo nenda kwenye kioo chenyewe. Pembeni yake, au karibu na vitufe vya kuchezesha, kuna kitufe cha LCD MODE, MODE au MONITOR. Kila ukikibonyeza kinabadilisha kitu: mwangaza, rangi, umbo la picha, na kwenye deki nyingine kinazima kioo kabisa. Endelea hadi uone 16:9 au FULL.

Sasa pima. Tafuta mahali kwenye filamu penye duara linalotazamana na kamera moja kwa moja: gurudumu la gari kutoka ubavuni, saa ya ukutani, mwezi mpevu. Duara liwe karibu na katikati ya kioo, kwa sababu lenzi pana hunyoosha vitu vya pembezoni hata deki ikiwa nzima. Simamisha picha kwa PAUSE, pima upana na kimo. Vikilingana, umemaliza. Upana ukiwa sentimita 4 na kimo sentimita 3, bado una kosa la barua yako. Kimo kikiwa sentimita 4 na upana sentimita 3, umeangukia upande wa pili: deki iko 16:9 lakini kioo umekiacha 4:3, na watu watakuwa warefu wembamba.

Tunasisitiza duara kwa sababu mikanda myeusi inadanganya, kama barua inayofuata inavyoonyesha. Na 4:3/PS iache. Kazi yake ni kukata pande za picha kwa kufuata maelekezo yaliyomo ndani ya diski, na filamu nyingi hazina maelekezo hayo.

*

*Nimeweka 16:9 kwenye menyu na kwenye kioo, lakini filamu nyingine bado zina weusi juu na chini. Nimekosea wapi?*
Msomaji, Nairobi

Hujakosea. Kioo cha 16:9 kina upana wa mara 1.78 ya kimo chake, lakini filamu nyingi za sinema hupigwa kwa umbo pana zaidi, mara 2.39. Kioo cha inchi 7 kina upana wa sentimita 15.5 na kimo cha sentimita 8.7 hivi. Filamu ya 2.39 ikijaa upana wote, kimo chake kinakuwa sentimita 6.5, na kila mkanda mweusi unapata sentimita 1.1. Filamu ya 1.85 itakuachia kama milimita 2 tu juu na chini.

Angalia sasa: kosa la msomaji wa Tanga nalo huacha mikanda ya sentimita 1.1 hiyohiyo. Kwa macho huwezi kutofautisha mikanda ya filamu sahihi na ya filamu iliyopondwa. Duara litakwambia. Likiwa duara kweli, achana na mikanda hiyo, ni sehemu ya filamu. Kitufe cha ZOOM kitaiondoa, lakini kwenye deki hizi hatua yake ya kwanza mara nyingi ni mara 2, na utapoteza nusu ya upana wa picha. Hatushauri.

*

*Filamu mpya ziko sawa, ila VCD zangu za zamani za taarabu zinawafanya waimbaji wawe wapana. Nikirekebisha VCD, filamu zinaharibika.*
Msomaji, Unguja

VCD haina alama ya picha pana. Picha yake ni nukta 352 kwa 288 kwa PAL, na umbo lake ni 4:3 siku zote. Kioo kikiwa FULL kinaivuta. Menyu ya SETUP usiiguse. Badilisha LCD MODE peke yake iwe 4:3 unapoweka VCD, uirudishe 16:9 unapoweka filamu. Kwenye kioo cha inchi 7 picha itakuwa na upana wa sentimita 11.6, na weusi wa kama sentimita 1.9 kila upande. Ni sahihi hivyo. Tamthilia za zamani na katuni nyingi za miaka ya 1990 zilizo kwenye DVD nazo zinahitaji hivyohivyo.

*

*Tumechomewa DVD ya harusi. Kwenye kila deki bibi harusi anaonekana mrefu mwembamba, uso umebanwa. Studio inasema deki zetu ndizo mbovu.*
Msomaji, Dodoma

Tatizo likijirudia kwenye deki kadhaa, shaka kubwa iende kwenye diski, na hili tunaliona likiharibu kumbukumbu za watu bure. Kamera ilirekodi 16:9, lakini wakati wa kuchoma mpangilio wa programu uliachwa 4:3. Picha ikabanwa kuingia kwenye nukta 720 kwa 576 kama kawaida, ila alama ya kuiambia deki iitanue haikuwekwa. Deki haina namna ya kujua.

Kwa sasa weka LCD MODE kwenye 16:9 au FULL. Kioo kitaivuta picha kwa nguvu na uso utarudi sawa, kwa kuwa kuvuta ndiko kulikokosekana. Kwenye televisheni ya bapa, fanya hivyohivyo kwa kitufe cha umbo la picha cha rimoti ya televisheni.

Dawa ya kudumu ni kuchoma upya. Video haihitaji kuhaririwa tena, kwa hiyo studio isikutoze kama kazi mpya. Waambie wachague 16:9 mahali pawili: pale programu inapotengeneza faili la DVD, na pale inapopanga menyu na sura za diski. Ukiwa na faili la asili na kompyuta, unaweza kujitengenezea mwenyewe kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video inayopewa amri kwa maandishi:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg

Faili linalotoka liingize kwenye programu ya kupanga DVD, mfano DVDStyler, uhakikishe na huko umechagua 16:9. Jaribu kwanza kwa diski inayofutika, ile ya RW, uipime duara kabla ya kuchoma nakala za ndugu wote.

Kuna kosa la pili la studio ambalo ni baya zaidi. Picha pana inaingizwa ndani ya fremu ya 4:3 pamoja na weusi wake, na weusi huo unachomwa kama sehemu ya picha. Utalitambua hivi: kioo kikiwa 4:3 unaona weusi pande zote nne, kikiwa FULL watu wananenepa na mikanda ya juu na chini haiondoki, na ukibadilisha SETUP hakuna kinachotikisika. Hapo, kati ya mistari 576 ya picha, ni 432 tu yenye harusi. Iliyobaki ni weusi mtupu. Hakuna kitufe cha kurudisha mistari hiyo. Dai wachome upya kutoka faili la asili.

*

*Nikiunganisha deki yangu na televisheni ya nyumbani, picha haina rangi na inapanda juu. Mara nyingine haiji kabisa, nasikia mlio tu.*
Msomaji, Mombasa

Hayo ni matatizo mawili.

Kukosa rangi na kupanda juu ni dalili ya mfumo. Deki imewekwa NTSC, mfumo wa Marekani wenye mistari 480, na televisheni yako inataka PAL. Bonyeza STOP mara mbili, fungua SETUP, tafuta TV SYSTEM au TV TYPE, chagua PAL. Kama kuna AUTO au MULTI, deki itafuata diski, na televisheni ya zamani inayojua PAL peke yake itasumbua tena ukiweka diski ya Marekani.

Mlio bila picha hutoka kwenye waya. Pini ya milimita 3.5 ya AV, yaani ya sauti na picha, ina sehemu nne, na watengenezaji hawakukubaliana mpangilio wake. Waya wa kamera unaingia vizuri kwenye tundu la deki lakini unapeleka picha kwenye sauti. Chukua vichwa vitatu, cha njano, chekundu na cheupe, ujaribu kimoja kimoja kwenye tundu la njano la televisheni. Picha ikija kwa chekundu, kiache hapohapo, halafu panga sauti kwa viwili vilivyobaki. Ikiwa vyote vitatu vinaleta mvumo na picha inayochezacheza, sehemu ya ardhi ya waya huo haiendani na deki, na itabidi upate waya ulioundwa kwa ajili yake.

Kumbuka umbo pia. Kwa televisheni ya zamani ya kichogo, TV SHAPE iwe 4:3/LB; ukirudi kwenye kioo cha deki, irudishe 16:9.

*

*Picha inakuwa sawa kifuniko kikiwa nusu. Nikikifungua chote kioo kinageuka cheupe, sauti inaendelea.*
Msomaji, Kigoma

Huyu hana shida ya mipangilio. Kioo cheupe maana yake taa ya nyuma inawaka lakini picha haifiki. Njia ya picha hupita kwenye bawaba, ama kwa waya bapa ama kwa fungu la nyaya nyembamba, na kila ukifungua na kufunga inakunjwa palepale. Deki zenye kioo kinachozunguka huchoka mapema zaidi.

Thibitisha kwanza: chezesha filamu, sogeza kifuniko polepole. Picha ikikatika kwenye pembe ileile kila mara, ni waya. Chomoa chaja na utoe betri kabla ya kufungua. Deki za zamani huwasha taa ya kioo kwa volti mia kadhaa, na ubao wake mdogo uko karibu na mahali utakapotia mkono. Skrubu nyingine zimefichwa chini ya vipande vya mpira vya pembeni mwa kioo.

Waya bapa usiuvute. Inua kwanza kikufuli cha soketi yake. Unaponunua mwingine, linganisha urefu, idadi ya njia, nafasi kati ya njia na njia ambayo mara nyingi ni milimita 0.5, na zaidi ya yote upande wa shaba kwenye ncha zake. Kuna waya ambazo shaba ya ncha zote mbili iko upande mmoja, na nyingine iko pande tofauti. Ukikosea hapo, njia zinageuka kinyume, umeme unaingia pasipotakiwa, na kioo kilichokuwa kizima kinaungua siku hiyohiyo. Nenda dukani na waya wa zamani mkononi.